Abiria wa Magharibi mwa Kenya atafute kiti, bei ataikuta

Ukiuliza mtandaoni namna ya kupata tiketi nafuu ya treni, majibu mengi yatakayokujia ni ya Ulaya. Utaambiwa ukate tiketi miezi miwili au mitatu kabla ya safari, kwa sababu kule Uingereza na Ufaransa bei huanza chini na kupanda kadiri siku inavyokaribia. Utaambiwa uikate safari moja vipande viwili, ununue tiketi mbili, ulipe kidogo kuliko aliyenunua moja. Kwa abiria wa London ushauri huo una maana kubwa. Mtu wa Nakuru, au wa huku kwetu magharibi mwa Kenya, Kisumu au Kakamega, akiufuata neno kwa neno hataokoa hata shilingi kumi, maana nauli za treni zetu hazipangwi hivyo.

Hapa nauli hufuata daraja na umbali, basi. Tangu Januari 2024 tiketi ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa kwenye reli ya kisasa (SGR) imekuwa shilingi 1,500, na ya daraja la kwanza 4,500. Kabla ya hapo zilikuwa 1,000 na 3,000. Ukiikata wiki tatu mapema ni 1,500, ukiikata jana yake ni 1,500, na mkesha wa Krismasi ni ileile 1,500. Treni ya Nairobi hadi Kisumu iliporudi Desemba 2021, baada ya takriban muongo mmoja bila abiria, ilikuja na utaratibu huohuo: shilingi 600 daraja la kawaida, 2,000 daraja la kwanza.

Sasa tazama upande wa barabara. Nauli ya matatu na basi haina bei elekezi ya serikali. Sako, yaani vyama vya wenye matatu, hujipangia, na hupanga kwa kuangalia foleni ya abiria iliyo mbele ya makanga (konda). Wiki ya Krismasi, Alhamisi ya kuelekea Pasaka, siku shule zinapofungwa, nauli ya kutoka Nairobi kuja huku hupanda, mara nyingine maradufu. Januari, watu wanaporudi kazini, hupanda kwa upande wa pili.

Ukiziweka bei hizi mbili pamoja utaona unafuu wa treni unatoka wapi. Treni haishushi nauli siku yoyote. Inakuwa nafuu siku ambazo barabara imepandisha. Katikati ya Februari, Jumanne asubuhi, matatu za Kisumu zikiwa zinabembeleza abiria, tofauti kati ya treni na basi inaweza kuwa ndogo mno, na ukihesabu saa kumi na mbili ambazo treni hukaa njiani huenda ukaona basi limekufaa zaidi. Tarehe 22 Desemba hesabu hubadilika kabisa. Ila tarehe 22 Desemba ndiyo siku ambayo kiti cha treni hakipatikani. Bei ipo palepale, imetulia. Kinachoisha ni viti. Kwa hiyo anayetaka kusafiri kwa bei ya chini aache kuiwinda bei na aanze kuiwinda nafasi, na kazi hiyo huanza na kalenda.

Kalenda ya kwanza ni ya shule. Tarehe za kufunga muhula hutangazwa mapema na Wizara ya Elimu, na zinaonyesha wiki ambazo treni na basi zitajaa. Mzazi mwenye mtoto bwenini anajua tarehe hizo miezi kabla, lakini wengi wetu huanza kutafuta tiketi siku mtoto anapopiga simu. Kalenda ya pili ni ya sikukuu, hasa zile zinazoangukia Ijumaa au Jumatatu na kuifanya wikendi kuwa ya siku tatu. Reli ya kisasa ikifungua mauzo ya tarehe hizo, kata siku hiyohiyo. Viti vya Nairobi kwenda Mombasa vya wiki ya Krismasi huisha mapema sana, na anayengoja mshahara wa Desemba ndipo akate atakuta vimekwisha.

Kalenda ya tatu husahaulika: mkondo wa watu. Kabla ya Krismasi umati unatoka Nairobi kuja Magharibi. Basi lililowamwaga abiria Kisumu asubuhi lazima lirudi Nairobi, na hurudi na viti vitupu. Ukisafiri kinyume na umati, kwa mfano kutoka Kakamega kwenda Nairobi tarehe 21, makanga atakupunguzia bila kukuvuta sana. Safari ya namna hiyo haina haja ya treni. Tunza nguvu zako za kutafuta tiketi kwa ile safari inayokwenda na umati, maana hapo ndipo nauli iliyosimama ya reli inapokuokolea fedha nyingi.

Tuje kwenye kukata tiketi yenyewe. Kwa reli ya kisasa kuna njia tatu: tovuti ya metickets.krc.co.ke, nambari *639# kwa simu isiyo na intaneti, na dirisha la stesheni. Mtu wa Bungoma au Siaya hana stesheni ya reli hiyo karibu, kwa hiyo simu ndiyo dirisha lake. Kabla hujabonyeza chochote, weka mezani vitu vitatu: kitambulisho cha kila mtu mzima atakayesafiri, hati ya kila mtoto, na fedha kamili kwenye M-Pesa pamoja na ada. Watu hupoteza viti hapa. Wanachagua treni, wanachagua daraja, mfumo unawauliza nambari ya kitambulisho cha shangazi, wanaanza kumpigia shangazi, na wakirudi kiti kimechukuliwa.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kama kitambulisho kinasema Wycliffe, usiandike jina la utani ambalo kijiji kizima kinamjua nalo. Mlangoni tiketi hulinganishwa na kitambulisho, na tarakimu moja iliyokosewa inatosha kumweka abiria kando huku wenzake wakipita. Ndiyo sababu pia tiketi ya kununuliwa kwa mtu wa pembeni ni hasara mara mbili: umelipa zaidi, na tiketi ina nambari ya mwingine. Msimu wa sikukuu hutokea kurasa za mitandao ya kijamii zinazoahidi viti vya treni iliyojaa na kukutaka utume fedha kwa nambari ya mtu binafsi. Tiketi halali hulipiwa ndani ya mfumo wa kukatia tiketi, na uthibitisho hurudi kwa ujumbe mfupi. Ukiombwa kumtumia mtu fedha moja kwa moja, achana naye.

Malipo yakikwama, vuta subira. Siku za msongamano, ombi la nambari ya siri linaweza kuchelewa kufika kwenye simu, au fedha zikatoka na ujumbe wa tiketi usifike papo hapo. Kosa kubwa ni kulipa mara ya pili kwa hofu. Angalia kwanza salio na ujumbe wa M-Pesa. Kama fedha zimetoka, hifadhi ile nambari ya muamala na uwasiliane na huduma kwa wateja. Kama hazijatoka, anza upya. Na ujumbe wa tiketi usiufute mpaka umeshafika nyumbani, kwa sababu ndio utakaotumia kuchapisha tiketi kwenye mashine ya stesheni.

Familia kubwa ina mbinu yake. Ukitafuta viti sita kwa pamoja mfumo unaweza kukosa, ilhali viti viwili viwili bado vimo. Jaribu kwa mafungu. Tazama pia treni zote za siku: ile ya saa mbili asubuhi, inayosimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, ina nauli sawa na ile ya saa tisa alasiri kwa mtu anayefika mwisho wa safari, na ile ya saa nne usiku hali kadhalika. Wengi hukimbilia ya alasiri kwa kuwa ina kasi zaidi, tofauti ambayo haizidi sana saa moja. Na wanaoahirisha safari hurudisha viti, kwa hiyo siku mbili tatu kabla ya kuondoka rudi ukaangalie tena asubuhi na usiku.

Watoto ndio wanaoifanya treni ikae mbele ya basi kwa mbali. Kwenye reli ya kisasa mtoto wa chini ya miaka 3 halipi, na wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Chukua baba, mama, na watoto wa miaka 13, 9 na 5. Hao ni watu watatu wa nauli kamili na wawili wa nusu: 4,500 na 1,500, jumla shilingi 6,000. Kwenye basi, mtoto wa miaka 9 akishakalia kiti, huyo ni abiria kamili, na msimu wa sikukuu makanga hatataka hadithi.

Neno moja kuhusu saa, kwa kuwa limewaachisha watu treni. Tiketi huandika 08:00, 15:00 na 22:00. Sisi tunasema saa mbili, saa tisa na saa nne. Mtu akimsomea mzazi wake tiketi kwa simu, “ni saa nane asubuhi”, mzee akaisikia kuwa saa nane ya mchana, amekosa treni kwa saa sita nzima. Mwandikie kwa Kiswahili, na umwongezee saa moja ya kufika mapema, kwa sababu ya ukaguzi: mizigo hupangwa chini kwa mstari na mbwa kuinusa, kisha hupita kwenye mashine. Panga, jembe lenye makali, mtungi wa gesi na mafuta ya taa havivuki hapo. Kuku hai wa kumpelekea dada Mombasa pia usimbebe ukitegemea huruma ya mlinzi.

Sasa tuunganishe reli mbili, kwa sababu safari ya Kisumu hadi Mombasa ndiyo inayowachanganya wengi. Kwa nauli zile za 2021 za treni ya Kisumu na za sasa za reli ya kisasa, ni 600 na 1,500, yaani shilingi 2,100 kutoka ziwani hadi baharini. Bei hiyo ni nzuri mno kwa umbali wa karibu kilomita 900. Ugumu wake uko Nairobi. Treni ya Kisumu hutumia reli ya zamani, yenye upana wa milimita 1,000, na huishia stesheni kuu ya katikati ya jiji. Reli ya kisasa ina upana wa milimita 1,435 na stesheni yake iko Syokimau. Behewa haliwezi kuvuka kutoka reli moja hadi nyingine, kwa hiyo abiria hushuka na mizigo yake na kutafuta treni ya abiria wa mjini au matatu ya kumfikisha huko.

Ratiba iliyozinduliwa iliitoa treni Kisumu Jumapili saa kumi na mbili na nusu jioni, ikafika Nairobi Jumatatu asubuhi karibu saa hiyohiyo. Usijaribu kuidaka treni ya Mombasa ya saa mbili. Muda unaobaki ni saa moja na nusu, Jumatatu, wakati barabara za Nairobi zimefungana, na treni ya usiku ikichelewa nusu saa tu tiketi yako ya Mombasa imekufa. Kata ya saa tisa alasiri na ukubali kungoja. Kurudi ni rahisi zaidi kama utaichagua treni sahihi: ondoka Mombasa Ijumaa saa mbili asubuhi, utakuwa Syokimau mwanzo wa alasiri, na una saa nne za kuvuka jiji kabla ya treni ya Kisumu kuondoka saa kumi na mbili na nusu. Ukipanda ile ya saa tisa alasiri Mombasa, treni ya Kisumu itakuwa imeshaondoka kabla hujafika.

Kabla ya hayo yote, thibitisha kwamba treni ya Kisumu inakwenda wiki hiyo. Ratiba yake haijashika mizizi kama ya Mombasa, na njia yenyewe ni ya tangu 1901: inapanda mgongo wa Mau, inateremka Londiani, Kipkelion, Fort Ternan na Koru, halafu inakatiza uwanda wa Kano ambao mto Nyando huufurika kila masika yakizidi. Uliza stesheni ya Kisumu au Nakuru, usitegemee picha ya ratiba inayozungushwa kwenye WhatsApp bila tarehe. Na ukipata kiti cha 600, beba blanketi. Mau Summit iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari na treni huipita gizani. Shuka jepesi linalotosha Kisumu halitoshi pale.

Abiria wa Nakuru ana shida ya peke yake. Treni inayoondoka Nairobi jioni hufika kwake usiku mwingi, na usafiri wa kutoka stesheni saa hizo unaweza kumgharimu zaidi ya alichookoa. Tawi la reli ya kisasa lililofunguliwa Oktoba 2019, lenye urefu wa kilomita 120, nalo linaishia Suswa karibu na Naivasha. Kwa mtu wa Nakuru, kushuka Mai Mahiu au Suswa na kuanza kutafuta matatu hakumpunguzii kitu. Kwake basi la mchana bado ndilo jibu, isipokuwa wiki zile za umati.

Ratiba hii ya Kisumu inastahili kusemwa waziwazi: imepangwa kwa jicho la Nairobi. Mfanyakazi wa Nairobi anapanda Ijumaa baada ya kazi, anaamka kwao Jumamosi, analala usiku mmoja nyumbani, na Jumatatu asubuhi yuko mjini tena. Imemfaa sana, na hilo ni jema. Sasa mgeuze abiria. Mama anayeuza nguo Kisumu na anayetaka kwenda kununua katika masoko ya Nairobi, Gikomba au Kamukunji, anaondoka Jumapili jioni, anafika Jumatatu. Anamaliza ununuzi wake Jumanne. Treni ya kumrudisha ni Ijumaa. Usiku nne za kulala Nairobi zinameza akiba yote ya tiketi ya 600 na kuvuka. Ndiyo maana mfanyabiashara huyo hupanda basi na ataendelea kulipanda, hata treni ikiwa nusu bei.

Dawa yake ni safari moja zaidi katikati ya wiki. Kwa ratiba ile, mabehewa hufika Nairobi Jumatatu asubuhi na safari ya Kisumu hungoja hadi Ijumaa jioni. Yakiondoka Nairobi Jumanne jioni na kurudi kutoka Kisumu Jumatano jioni, yule mama atafika Nairobi Alhamisi asubuhi, atanunua Alhamisi na Ijumaa, na Ijumaa jioni atapanda kurudi. Usiku nne zimekuwa mmoja. Nauli haijaguswa hata kidogo, lakini safari imekuwa nafuu kwa fedha ambazo yeye ataziona mkononi.

Wakazi wa huku wana haki ya kudai hilo. Tangu 2013 bidhaa zinazoingizwa nchini hutozwa ushuru wa kuendeleza reli, na mnunuzi wa Busia na Homa Bay huulipa ndani ya bei ya bidhaa sawasawa na mnunuzi wa Mombasa. Reli ya kisasa imeishia Naivasha. Njia ya zamani ya kilomita 217 kati ya Nakuru na Kisumu ilikarabatiwa zaidi kwa ajili ya mizigo ya bandari ya Kisumu, na abiria wakapewa kinachobaki. Kama ndivyo, kinachobaki kitumike vizuri.

Na kuna saa nyingine zilizolala. Treni ya Ijumaa ikifika Kisumu Jumamosi asubuhi, kwa ratiba hiyo mabehewa yake hukaa hadi Jumapili jioni, karibu saa 36. Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye. Upande mmoja wa Kisumu kuna reli ya Butere, kilomita 69 kupitia Maseno, Luanda na Yala. Upande wa pili kuna Kibos, Miwani na Muhoroni. Wachuuzi wa vituo hivyo huamka alfajiri kila Jumapili kulipia matatu nauli yao na nauli ya gunia, ilhali mabehewa yamesimama stesheni, mwendo mfupi kutoka Kibuye.